Mpaka Uote Mvi

Sambasha, Arusha
13 Januari 1958

Mume wangu, Solomoni wangu, mchora ramani wangu,

Kabla ya kuanza nimeandika "mume wangu" mara tatu kwenye karatasi nyingine ili mkono uzoee. Haukuzoea. Tuna siku kumi na sita za ndoa, na saba kati ya hizo hupo! Salamu zangu zihesabu kwa migomba ya hapa Sambasha, kuanzia mferejini hadi msituni, na ukimaliza anza tena na mibuni.

Jana Yeyo alinikuta shambani nimesimama na jembe ninacheka peke yangu. Akasema, "Wee bibi harusi, mahindi hayapaliliwi kwa meno." Mama yako ana maneno! Lakini ananipenda, naona. Jioni ananiwekea kiti chako karibu na moto.

Unakumbuka asubuhi ile ulipokuwa unanyoa ndevu, nikakushika kidevu nikakugeuzia dirishani? Ukaniuliza natafuta nini. Nilikuwa naangalia macho yako. Kuzunguka ule weusi kuna duara jembamba jeupe, kama mwezi unapovaa ukungu juu ya Meru. Miaka minne Tabora nimesoma jiografia na sayansi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia mtu anaweza kutembea na mwezi ndani ya jicho. Kila usiku kabla ya kulala ninaliwaza duara hilo, ndipo usingizi unakuja.

Sasa sikiliza. Huyu Sironka, ndugu yetu wa ukoo anayeendesha lori la Hatim mwenye duka mjini, anakuletea kibuyu. Nimekisafisha mwenyewe kwa kijinga cha mti wa loirien, kinaingia ndani kikiwa bado na moto, na unasugua mpaka moshi unywewe na kibuyu. Nimeungua vidole viwili na sikujali. Shanga nimezishona mimi: za bluu, nyeupe, na nyekundu moja tu. Hiyo nyekundu ni mimi. Ndani ni samli. Yeyo anasema kazi ya kwanza ya mke ni kuona mume ananawiri, na kwamba kibuyu cha mume hakiguswi na mdomo wa mtu mwingine. Kikirudi kitupu, mke anajua amependwa. Mume akimpa mwingine, ni sawa na kumrudisha mke kwao.

Basi kula, mpenzi wangu, unenepe, nisikutambue ukirudi!

Mkeo (nimeandika tena!),
Nanyori


Dar es Salaam
4 Februari 1958

Nanyori wangu,

Kibuyu kinarudi kitupu, na ndani yake nimeweka kipande cha kitambaa cha maua nilichokiona dukani nikakuona wewe. Samli niliimwaga juu ya ugali siku nane mfululizo. Siku ya tisa nilipangusa ndani kwa kidole. Wenzangu chumbani walikodoa macho, nikawaambia shanga nyekundu inawatazama.

Kazi ni nzuri. Tunachora milima kwa mistari inayozunguka, kila mstari kwa kimo chake. Juzi nimepewa karatasi ya Meru. Nilipofika usawa wa Sambasha kalamu ilisimama yenyewe, na msimamizi akauliza kama wino umeisha. Nikasema ndiyo.

Joto la huku linachosha. Nikipanda ngazi za ofisi napumzika katikati, nadhani ni hewa. Wiki ijayo tutapimwa afya, sote tunaotaka kuajiriwa moja kwa moja. Ni mambo ya kawaida.

Mpe Yeyo shikamoo zangu. Mwambie nakula vizuri.

Akupendaye,
Solomoni


Sambasha
10 Machi 1958

Mpenzi wangu wa milele,

Nimevaa kitambaa chako kanisani na mchungaji alisahau mstari aliokuwa anausoma! (Nadanganya kidogo. Alikohoa. Lakini nilikuwa napendeza.)

Mvua zimeanza, barabara ya kushuka mjini imekuwa uji. Sironka amekaa siku mbili anasubiri udongo ukauke. Nimefurahi, maana nimepata muda wa kujaza vibuyu viwili. Kimoja ni samli. Cha pili ni mafuta ya mkia wa kondoo aliyechinjwa kwa mjomba wako. Yeyo ameyayeyusha kwa mkono wake. Anasema ukiona umechoka lamba vijiko viwili asubuhi, kifua kitafunguka. Nilimsomea pale ulipoandika kuhusu ngazi, na akaacha kutwanga. Nikamuuliza, "Vipi, Yeyo?" Akasema mchi umemteleza.

Solomoni, nina jambo tamu sana moyoni, tamu kuliko samli, lakini siliandiki. Nitakuambia mdomo kwa sikio utakapokuja likizo mwezi wa sita. Usiulize. Ukiuliza nitasema, na nataka kuiona sura yako.

Ule mwezi wa machoni uko salama? Nitunzie.

Wako, wako, wako,
Nanyori


Dar es Salaam
2 Aprili 1958

Nanyori,

Nimepokea vibuyu vyote viwili. Samli ni tamu, na mafuta pia. Vinarudi vitupu kama kawaida.

Usijisumbue kutuma vingine kwa sasa. Njia ni mbaya na Sironka ana mizigo mingi.

Kazi nyingi. Nitaandika zaidi.

Solomoni


Dar es Salaam
11 Mei 1958

Kwa Shemeji Nanyori,

Salamu na heshima. Hunijui. Mimi ni Thomasi, Mmeru wa Kikatiti, ninakaa chumba kimoja na mumeo na wenzetu wawili. Nimepata anwani yako nyuma ya bahasha, naomba usinione mtu wa kupekua.

Shemeji, nimeona nisipokushukuru nitakuwa mtu wa ajabu. Tangu mwezi wa tatu sisi watatu tunakula samli yako, na mafuta ya kondoo tulikaangia viazi mpaka jirani wakaja kuuliza harusi ni ya nani. Solomoni mwenyewe hagusi hata tone! Anatuwekea mezani, anaenda kukaa dirishani na kibakuli chake cha maharage. Tukimwambia anaringa, anacheka tu. Na siku hizi kila akimaliza kula uso unamwiva mwekundu mpaka masikio, tunamtania kwamba amekukumbuka.

Vibuyu vimekuwa adimu sasa, na tumekonda. Ukipata nafasi, shemeji, hata kidogo.

Wako katika Bwana,
Thomasi


Sambasha
20 Mei 1958

Solomoni,

Barua yako ya tarehe mbili Aprili inasema samli ni tamu. Nieleze utamu wake ulikuwaje.

Kibuyu chako nimekitundika. Shanga nyekundu nimeikata.

Nanyori


Dar es Salaam
29 Mei 1958

Nanyori wangu, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,

Thomasi ameniambia alichokuandikia. Alikuwa anajisifu kwa adabu yake. Sikumkasirikia. Yeye amesema kweli kabla yangu.

Nilipimwa afya mwezi wa pili. Daktari ni Mskochi, mtu mwenye mikono baridi. Aliniangalia viwiko, ile mivimbe midogo ya njano niliyokuambia ni alama za kuanguka utotoni. Akabonyeza kano za visigino vyangu, akasema ni nene mara mbili. Halafu akanishika kidevu akanigeuzia dirishani, kama ulivyofanya wewe, akaniangalia macho.

Lile duara, Nanyori, ni mafuta. Yanatoka kwenye damu na kuganda pembeni mwa jicho. Ndiyo hayo hayo yaliyo kwenye viwiko, na ndiyo yanayoganda ndani ya mishipa ya moyo mpaka njia inakuwa nyembamba. Damu yangu ilipelekwa Nairobi kwa ndege, na majibu yaliporudi aliyasoma mara mbili. Anayaita kolesteroli, nimeandika kama anavyotamka. Wewe uliniambia ni mwezi. Ningekuandikiaje?

Kuna jingine. Siku ya posa baba yako aliuliza, "Wanaume wenu wanakufa na nini?" Mjomba wangu akajibu, "Homa." Mimi nilikuwa nimekaa hapo, nikatazama viatu vyangu. Baba yangu Lerionka alianguka njiani akirudi sokoni, amejishika kifua, hajafika miaka arobaini. Kaka yangu Ephraimu alikutwa mferejini, jembe bado liko mkononi, akiwa na miaka thelathini na minne. Hakuna mwanaume wa nyumba yetu aliyewahi kuota mvi, na kila mtu wa Sambasha analijua hilo isipokuwa ninyi mliotoka upande wa pili wa mlima. Mimi nina thelathini na miwili.

Daktari anasema si laana wala sumu. Ni damu inayorithiwa, na damu yenyewe ndiyo inayotengeneza mafuta hayo, hata mtu akila majani matupu. Ila samli na mafuta ya nyama yanaongeza. Kwa hiyo nisiguse samli, siagi, mkia wa kondoo, maziwa ya mafuta. Ninywe vijiko vitatu vya mafuta ya mahindi kila siku. Na vidonge vyeupe baada ya chakula (jina nimeliandika nyuma ya karatasi hii), ambavyo vinauwasha uso kama nimepakwa pilipili, robo saa nzima. Ndiyo huo wekundu anaoutania Thomasi.

Nikamuuliza, "Mpaka lini, daktari?" Akasema, "Mpaka uote mvi. Na ukishaota, uendelee." Hii dawa haiponyi. Nikiiacha, inakuwa kama sikuanza.

Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema nimeoa Desemba. Akatoa senti hamsini mfukoni, akairusha, ikaangukia meza upande wa simba. Akasema kila mtoto nitakayemzaa ni hivyo: Malkia, yuko salama; simba, ana damu yangu.

Sitapata likizo mwezi wa sita. Anataka aendelee kunipima mpaka Desemba. Ukitaka kurudi kwa baba yako, nitamwandikia mwenyewe kwamba kosa ni langu, na sitadai hata ng'ombe mmoja. Ninaomba kitu kimoja. Usimwambie Yeyo habari ya mafuta.

Samli yako niliinusa kila jioni kabla ya kuwapa. Ilikuwa na harufu ya loirien na ya nywele zako. Huo ndio utamu wake.

Solomoni


Sambasha
9 Juni 1958

Mume wangu mjinga, mpendwa, mwongo, mpendwa,

Nimelia siku mbili, siku ya tatu nimekasirika, na leo nina njaa. Kwa hiyo nakujibu.

Kwanza, kuhusu kurudi kwa baba yangu: umechelewa. Lile jambo tamu lina miezi mitano na linapiga mateke ninapokaa chini kuandika. Nilitaka kuiona sura yako! Umeninyima, na hilo sijakusamehe. Senti imeshatupwa, Solomoni. Iko hewani. Nitaisubiri ianguke, nami sitaondoka mezani.

Pili, siku ya posa. Nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza. Baba alipouliza swali lile niliona unatazama viatu, nikamnong'oneza dada, "Tazama, mpole kweli, anaona haya." Kumbe. Mimi na baba tulidanganyika pamoja. Lakini usinifiche tena kitu chochote kilicho ndani ya ngozi yako. Ngozi hiyo nimeapa mbele ya mchungaji kwamba ni yangu katika afya na ugonjwa. Hukusikia? Ulikuwa unatazama viatu tena?

Tatu, umeniomba nisimwambie Yeyo. Nimemwambia. Desemba ungekuja ukakuta amechinja kondoo, ungekula nini? Haya.

Nne. Nimekwenda kwa Hatim kununua mafuta ya mahindi. Akavua miwani. "Mama, mafuta ya mahindi? Mwarusha gani nakula hii? Shamba yako yote mahindi, kamua mwenyewe!" Nikamweleza ni dawa ya mume wangu. Akavaa miwani tena, akaacha utani. Akasema baba yake mzazi pia alianguka mbele ya duka hili hili, kijana bado, meza imejaa vyakula vya samli. Ameagiza makopo mawili kutoka Nairobi. Aliniuliza jina la hivyo vidonge na kuliandika nyuma ya kalenda.

Na la mwisho. Duara la macho yako nimeliwaza tena jana usiku, kwa kusudi, nikijua ni nini. Nilidhani litaniogopesha. Solomoni, bado ni mwezi. Ni mafuta na ni mwezi. Ukiwa mbali hivyo siwezi kuchagua ni kipi nikipende, napenda vyote.

Shanga nyekundu nilikuwa nimeificha kwenye sanduku la sindano. Nimeishona mahali pake.

Mkeo asiyehama,
Nanyori


Sambasha
22 Juni 1958

Mwanangu Solomoni,

Nanyori anaandika, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno, asilipambe, maana anapenda kupamba.

Nimesikia habari ya damu. Mimi nilikuwa naijua bila kuijua jina. Baba yako alikuwa na visigino kama vyako. Kila jioni akirudi nilimpaka mafuta ya kondoo kwenye ile mivimbe, nikisugua mpaka alale. Nilidhani imekauka, inataka mafuta. Alipolalamika kifua nilimpa mafuta anywe. Ephraimu naye alinijia akasema, "Yeyo, napumua kwa shida." Nikachinja kondoo. Akanywa supu siku nne, mafuta yanaelea juu, ananiambia anajisikia vizuri. Siku ya tano akaenda mferejini.

Niliwalisha mimi. Kwa mkono huu.

[Hapa Yeyo ameitazama mikono yake. Nimechukua barua yako nikamsomea tena pale unaposema damu yenyewe ndiyo inayotengeneza mafuta hayo, hata mtu akila majani matupu. Akaniuliza, "Imeandikwa hivyo hivyo?" Nikamwonyesha mstari. Hajui kusoma, lakini ameweka kidole juu yake na hajakiondoa mpaka sasa. N.]

Haya, andika. Mwanangu, tangu zamani tunatikisa maziwa kwenye kibuyu, siagi inapanda, tunaitoa. Siagi ni ya wanaume na wageni. Kinachobaki, yale maziwa mepesi, tunawapa watoto. Nimeamua. Siagi itakwenda sokoni, na wewe utakunywa kilichobaki. Loshoro yako, ile ya mahindi na maziwa, nitaipika kwa hayo. Mke wa mjomba wako amesikia, amekuja kunicheka: "Eti mchora ramani wa Serikali utamnywesha maziwa ya watoto?" Nikamwambia, "Ndiyo. Wa kwako wanakula siagi na wanazeeka. Wa kwangu atakunywa ya watoto mpaka naye azeeke."

Kunywa vidonge. Uso ukiwaka, uwake.

Mimi mama yako,
Soila (nimeweka dole gumba)


Dar es Salaam
6 Julai 1958

Mke wangu,

Nimekaa na barua zenu mbili ufukweni, mahali ambapo hakuna mtu wa chumbani kwetu, na nimelia kama yule mtoto ambaye nimepangiwa maziwa yake.

Miezi mitano! Nilikuwa nachora Meru huku mtu wangu anakua kwenye mteremko wake. Thomasi alipoisikia habari alirukaruka, halafu akauliza kwa unyonge kama samli itarudi sasa. Nimemwambia amwandikie mke wake mwenyewe, akishampata.

Nimemweleza pia kwa nini uso wangu unaiva. Tangu siku hiyo ndiye anayenikumbusha. Baada ya kula anagonga meza: "Haya, bwana arusi, ona haya kidogo."

Ninavimeza vyote, Nanyori. Mwezi wa nne kuna siku tatu nilivitupa, nikaona heri nife uso wangu ukiwa wa kawaida. Nakuambia kwa sababu umesema nisifiche. Sitarudia.

Solomoni wako


Sambasha
9 Oktoba 1958

Baba!

Ndiyo, wewe! Zoea!

Ni msichana. Amezaliwa juzi alfajiri, mlima ukiwa wazi mpaka kileleni, na mjini mijakaranda imechanua yote kana kwamba ilikuwa inamngoja. Nimemwita Naserian, kama tulivyokubaliana. Ana paji lako la uso na kelele zangu.

Yeyo alimpokea, akamfuta, na kabla hajanipa alifanya jambo nililolitarajia. Alimbeba mpaka mlangoni, akamtazama visigino kwenye mwanga, kimoja, halafu kingine. Kisha macho. Nikamwambia, "Yeyo, daktari anasema haionekani kwa mtoto mchanga." Akasema, "Najua. Nawasalimia babu yake na Ephraimu tu."

Nimechinjiwa kondoo wangu wa uzazi kama desturi inavyotaka, na mafuta nayanywa kwa niaba ya nyumba nzima. Nimenenepa, utapenda. Kibuyu chako kimesafishwa, kiko ukutani, na ndani yake, Solomoni, ni mafuta ya mahindi ya Hatim. Yananuka moshi wa loirien. Yeyo ameyaonja akasema, "Hayana maana, lakini yana harufu ya nyumbani."

Siku sabini na tatu hadi Desemba ishirini na moja.

Mama Naserian (Nanyori, yule yule)


Dar es Salaam
3 Agosti 1961

Nanyori wangu,

Ni mwaka wa tatu tangu nihamishiwe ofisi ya Arusha nakuja huku kupimwa, nikifikia kwa Thomasi, na bado napanda ngazi zile zile nikihesabu. Safari hii sikupumzika katikati.

Kolesteroli yangu imeshuka tena, kidogo. Bado iko juu kuliko ya watu, na daktari anasema itabaki hivyo, lakini mishipa ya moyo inapumua. Mivimbe ya viwiko ameipima kwa rula, akaandika, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa la pili, na nakuandikia leo leo, silali nalo. Damu ya Naserian tuliyotuma mwezi wa sita imejibiwa. Senti imeanguka upande wa simba.

Anayo, mama. Ana damu yangu.

Daktari amesema hivi, nami naandika kama alivyosema: mimi nilianza na miaka thelathini na miwili, mafuta yakiwa yameshajijenga. Yeye anaanza na miaka miwili na miezi kumi, hana hata kivimbe. Vidonge asipewe bado, chakula tu. Na mioyo ya wanawake huvumilia zaidi. Ameniambia nisimtazame kama mgonjwa. Nimejitahidi nisitazame viatu.

Nisamehe. Najua utasema hakuna cha kusamehe. Sema hata hivyo.

Nitapanda basi Jumatatu ya tarehe kumi na nne.

Solomoni


Sambasha
8 Agosti 1961

Mpenzi wangu, baba wa simba wangu,

Hakuna cha kusamehe. Nimesema. Nitasema tena ukifika, na tena kesho yake.

Barua hii huenda ikakukosa kama umeshaondoka. Basi Thomasi aisome, aone watu wanaopendana wanavyoandikiana, labda ataoa.

Niliposoma habari ya Naserian nilikwenda jikoni kukata vitunguu, vingi kuliko tulivyohitaji. Yeye akaja akanishika sketi akasema, "Mama, nataka maziwa yangu na baba." Anayaita hivyo, unajua. Maziwa yangu na baba. Nikamtikisia kibuyu, siagi nikaitoa, nikammiminia kilichobaki, akanywa mpaka akapata masharubu. Nikamtazama nikafikiri: huyu hatajua kamwe kwamba kuna kitu alinyimwa. Anadhani ndicho kinywaji cha wakubwa wa nyumba hii. Vitunguu nikaviacha.

Sasa sikiliza, maana nina siri, na tulikubaliana hakuna siri.

Jumamosi kabla hujasafiri nilikunyoa nywele pale uani. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto nilisimama. Ukauliza, "Umenikata?" Nikasema mkasi ni butu. Solomoni, kulikuwa na unywele mmoja mweupe. Si wa kijivu, si wa vumbi. Mweupe mpaka kwenye shina. Sikukuambia, nilitaka kukutumia ndani ya bahasha, uufungue huko huko, mbele ya daktari wako mwenye mikono baridi. Nilikuwa nimeuandalia karatasi.

Lakini nilikosea, nikamwonyesha Yeyo kwanza.

Alichukua muda kuuona, macho yake siku hizi si mazuri. Akaushika kwa vidole viwili, akauinua kuelekea mlimani ambako kuna mwanga. Akauliza, "Wa nani?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Wa Solomoni wangu? Kichwani kwake?" Nikasema ndiyo, Yeyo, nyuma ya sikio. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, mama yako ambaye hakai chini mbele ya watu.

Nikamwomba anirudishie niutie kwenye barua. Amekataa. Ameufunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, na amekwenda nao kwa mke wa mjomba wako.

Kwa hiyo bahasha hii ni tupu, mume wangu. Njoo nyumbani uuombe mwenyewe.

Nanyori